Muulize Mjomba: Kwa bibi, kando ya Ziwa Lugu

Toleo lililopita nilitaja Ziwa Lugu kwa mistari sita tu: kwamba liko milimani kusini-magharibi mwa China, kwamba maji yake ni maangavu, na kwamba Wamosuo wanaoishi kando yake huhesabu ukoo kwa mama. Mistari hiyo imeniletea barua nyingi kuliko ukurasa mzima niliowahi kuandika kuhusu Mikumi. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni: mimi ni Mluguru wa Kinole, nilisoma mambo ya misitu mjini Kunming, hukohuko China, kuanzia 2013 hadi 2016, na Lugu nimefika mara mbili, Januari 2014 na Julai 2015. Ninayosema kuhusu nauli na barabara yapime kwa miaka hiyo. Ninayosema kuhusu adabu bado hayajachacha.

Shikamoo Mjomba. Niko mwaka wa pili hapa Kunming. Mimi na Watanzania wenzangu wawili, pamoja na Mzambia mmoja, tunataka kwenda Lugu likizo. Darasani wanatucheka, wanasema tunakwenda "ufalme wa wanawake", kule hakuna ndoa, mwanamume anaingia usiku na kuondoka alfajiri, na ukimkuna msichana kiganja kwenye ngoma basi mambo yameiva. Kuna ukweli? Na tunafikaje? Mpwa wako, Kunming.

Marahaba, mpwa. Tuanze na kiganja, maana najua ndicho kilichokushikisha kalamu.

Ngoma unayoisikia ni ya kuzunguka moto, huitwa jiacuo. Katika kijiji cha Luoshui, upande wa mkoa wa Yunnan, huchezwa jioni kwa tiketi. Nilikwenda usiku wangu wa kwanza. Ua mkubwa, moto katikati, spika mbili zilizochoka, kijana mbele na filimbi, na nyuma yake mstari wa wavulana na wasichana walioshikana mikono. Wasichana walivaa sketi nyeupe za marinda zinazogusa viatu, na mkanda mpana wa rangi kiunoni. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa amechomeka simu kwenye mkanda huo. Kila wimbo ulipokatika aliichomoa, akasoma, akatafuna mbegu za alizeti mbili tatu, akatema maganda pembeni, akarudi kwenye mstari na tabasamu lake kama vile hakuwahi kutoka. Nilimpenda palepale, lakini si kwa namna unayoiwazia wewe. Nilimwona mtu aliye kazini. Kesho yake niliambiwa kwamba kila kaya ya kijiji hutoa mtu wa kucheza na mtu wa kupiga makasia kwa zamu, na mapato wanagawana. Kumbe binti yule alikuwa kwenye zamu ya nyumba yao, kama mtu anavyotumwa na kwao kwenda kuchimba mtaro wa bomba la kijiji.

Mwishoni mshereheshaji alichukua kipaza sauti akawafundisha wageni: mkune kiganja mara tatu, naye akikukuna, amekubali. Vicheko. Watalii wakaingia mduarani. Bwana mmoja mnene aliyekuwa karibu nami alikuna viganja vya wasichana wanne, na wote wanne wakamcheka kicheko kilekile. Mpwa, kicheko hicho unakijua. Ndicho mhudumu wa baa pale Msamvu anachompa mlevi wa saa sita usiku huku akihesabu chupa.

Sasa jambo lenyewe. Kichina huita desturi yao zouhun, yaani ndoa ya kutembea. Kwa bahati mbaya Kiswahili chetu cha mtaani kimekwisha kulichafua neno hilo, maana "kutembea na mtu" kwetu kunajulikana ni nini. Kule maana yake ni kutembea kwa miguu. Mwanamume anaishi kwao, kwa mama yake, maisha yake yote. Usiku huenda kwa mwenzake, alfajiri hurudi kwa mama yake kunywa chai na kushika jembe. Watoto ni wa nyumba ya mama. Wanalelewa na bibi, mama, mama wadogo, na wajomba. Shamba halikatwi vipande, kwa sababu hakuna anayeondoka na fungu lake. Baba anajulikana, na jozi nyingi hukaa pamoja miaka na miaka. Wapo waliolazimishwa kuoana rasmi wakati serikali ilipoipiga vita desturi hiyo miaka ya 1970, na wapo vijana wa leo wanaofunga ndoa kwa hiari yao na kuhamia mjini Lijiang. Ukiwakuta na cheti cha ndoa ukutani usidhani umedanganywa.

Na "ufalme wa wanawake" ni jina la kuuzia tiketi. Mtawala wa Yongning, bonde lililo karibu na ziwa, alikuwa mwanamume, na cheo chake kilirithiwa na mwanawe. Nyumbani ndiko mwanamke anakotawala. Mkuu wa kaya huitwa dabu, kwa kawaida mama au binti mwenye akili kuliko wenzake, na ndiye mwenye funguo za ghala. Sisi Waluguru jambo hilo halitushangazi. Ukoo wetu, lukolo, unapita kwa mama. Ardhi ya milimani ni ya lukolo. Na Kingalu wa Kinole, ambaye siku zote ni mwanamume, cheo hukipata kupitia tumbo la mama. Mji wa Morogoro wenyewe uliwahi kutawaliwa na mwanamke, Simbamwene binti Kisabengo, na Stanley alimkuta mwaka 1871. Hakuna aliyeuita mji ule ufalme wa wanawake na kuuwekea kibanda cha tiketi.

Nikuambie aibu yangu, ili wewe usiirudie. Safari ya kwanza nilipata mwenyeji kupitia mwenzangu wa chuo, nikapelekwa kwa bibi yake katika kijiji cha ndani, mbali kidogo na maji. Tulikaa kuzunguka moto: bibi, binti zake wawili, kaka yao mkubwa, watoto, na mimi. Chai ya siagi ikamiminwa. Mimi, kwa Kichina changu cha darasani na hamu yangu ya kuonekana nimesoma, nikauliza kwa sauti: eti zouhun inakuwaje hasa?

Kimya. Mjomba wa nyumba, wao humwita awu, alisimama akasema anakwenda kumtazama farasi. Dada zake wakainamia vikombe. Bibi akachukua koleo akausogeza ukuni ambao haukuhitaji kusogezwa. Nje, baadaye, mwenzangu alinieleza kwamba ndugu wa kike na wa kiume hawakai pamoja yakitajwa mambo ya mapenzi, hata kwa utani, hata filamu ikifika kwenye kubusiana mmoja atajifanya ana kiu na kutoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi niliyekulia mahali ambapo mbele ya mama mkwe mtu hutazama chini, ndiye niliyemtoa mjomba wa watu kwenye moto wake mwezi Januari.

Kwa hiyo, mpwa, nenda, lakini swali hilo liache Kunming. Na ukikutana na baa inayokunong'oneza kuhusu "wasichana wa Kimosuo", pita njia yako. Zimewahi kuwapo za namna hiyo, zenye wasichana walioletwa kutoka mikoa mingine na kuvalishwa sketi nyeupe.

Unachotakiwa kukiona ni ile nyumba ya bibi. Ukialikwa, uko kwenye kitovu cha kaya. Ni nyumba ya magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, mlango mfupi, kizingiti kirefu. Lazima uiname na uinue mguu kwa wakati mmoja, na hapo kila mgeni hugonga kichwa. Kizingiti usikikanyage. Ndani ni giza, na kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Jiko liko katikati, moto haulali. Upande mmoja hukaa wanawake na upande mwingine wanaume. Usijichagulie, ngoja uoneshwe. Usiruke moto, usiteme mate humo, usiuelekezee nyayo. Kabla ya kula, mkubwa huweka punje za chakula juu ya jiwe la jikoni kwa ajili ya waliotangulia. Mimi nilipoona hivyo niliacha kujisikia mgeni, maana bibi yangu wa Kinole naye hakuwahi kula ugali mpya bila kuwamegea wazee.

Kuna nguzo mbili. Moja ni ya wanawake, nyingine ya wanaume, na zote zimekatwa kwenye mti mmoja: ya wanawake ni ile ya upande wa shina. Mtoto akitimiza miaka 13, siku ya mwaka mpya, husimama kando ya nguzo yake, mguu mmoja juu ya gunia la nafaka na mwingine juu ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Msichana huvishwa sketi, mvulana suruali. Kabla ya hapo wote walivaa kanzu moja tu. Kwenye sherehe hiyo mbwa hulishwa kwa heshima, kwa sababu hapo kale, wanasema, mbwa alipewa kuishi miaka 60 na binadamu 13, wakabadilishana. Ndiyo maana Mmosuo hali mbwa. Jambo hilo liseme mapema kwa Mzambia wenu asije akafanya mzaha wa "Wachina na mbwa" kwenye nyumba isiyo yake. Na Wamosuo wenyewe usiwaite kabila la 56 wala la 57. Serikali hutambua makabila 56 na wao hawamo kama wao: upande wa Yunnan wameandikwa Wanaxi, upande wa Sichuan wengi wameandikwa Wamongolia. Wao kwa lugha yao hujiita Na, yaani Wana, na lugha yenyewe ni Kina. Wako kama elfu arobaini hivi. Kwa hiyo ukimuuliza mtu "wewe ni kabila gani", unaweza kupata jibu la kitambulisho au jibu la moyo, na hayo mawili hayafanani.

Njia. Mimi nilipanda treni ya kulala hadi Lijiang, nikaamkia huko. Ninyi mna treni ya kasi tangu Januari 2019, mwendo wa saa tatu na dakika. Kutoka Lijiang ni kama kilomita 200. Kwa barabara ya zamani ilikuwa kutwa nzima: basi linateremka kona baada ya kona hadi mto Jinsha, ambao ndio mwanzo wa Yangtze, kisha linapanda tena upande wa pili. Dereva wetu alivuta sigara njia nzima, na mama wa kiti cha mbele aligawa mifuko ya plastiki kwa wenye kutapika kama anayegawa pipi. Siku hizi barabara imenyooshwa na muda umepungua. Uwanja wa ndege wa Ninglang Luguhu upo pia tangu Oktoba 2015, ila uko juu zaidi ya mita 3,200, na mwenye pesa ya ndege hawezi kununua pumzi. Ziwa lenyewe liko karibu mita 2,690, sawasawa na kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro. Siku ya kwanza tembea polepole, pombe achana nayo, maji kunywa mengi. Kichwa kitagonga kidogo. Jua huunguza hata ngozi yetu. Usidanganywe na baridi. Pasi ya kusafiria ibebe ya asili, nyumba ya wageni watakuandikisha.

Januari anga lilikuwa la bluu hadi linakera, usiku ndoo iliganda, na shakwe weupe walijaa majini wakila mikate ya watalii. Julai ilinyesha kila mchana, lakini ndipo nilipoona maua meupe yenye petali tatu yakielea juu ya maji, shina lake refu likionekana hadi chini. Ukinibana nichague, Julai.

Assalaam alaykum Mjomba. Mimi mfanyabiashara, kwetu Unguja, nipo Guangzhou mwaka wa sita. Natamani kwenda Lugu na binti yangu lakini nasikia kule kila chakula kina nguruwe. Tutakula nini, na ibada je? Bi. S., Guangzhou.

Waalaykum salaam, Bi. S. Uliyoyasikia yana ukweli, wala sitakupaka mafuta. Kwenye nyumba ya bibi niliyoieleza hapo juu, ukutani, wamepangwa nguruwe. Si vipande. Ni nguruwe mzima aliyetolewa mifupa na matumbo, akajazwa chumvi na viungo, akashonwa tena, akabanwa bapa. Anakaa hivyo miaka, na wingi wao ni heshima ya nyumba, kama kwetu mtu alivyohesabiwa kwa magunia. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni magodoro yamekunjwa, nikaegemea. Mafuta yake ndiyo yanayokaanga mboga karibu zote, kwa hiyo hata sahani ya majani matupu usiiamini.

Lakini Yunnan ni mkoa wenye Waislamu wengi, Wahui, na zamani walikuwa mabingwa wa misafara ya nyumbu katika milima hiyohiyo. Ibada yako si kitu kigeni kule. Kunming na Lijiang tafuta migahawa yenye maandishi 清真, yaani chakula halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Utakula nyama ya ng'ombe na tambi mpaka ufurahi. Hapo Lijiang nunua akiba ya siku zako zote za ziwani: nyama kavu, mikate, tende ukizipata. Ziwani kwenyewe utapata mayai ya kuchemsha, viazi vya kuchoma kwenye jivu, mahindi, jozi, tufaha. Viazi vile, Bi. S., vyenye ngozi iliyopasuka na pilipili ya unga pembeni, mimi ningevila bila kuulizwa dini. Samaki wa kuchoma wapo pia, ila tazama kwanza chuma cha kuchomea kimetoka kuchoma nini. Mchele hauivi haraka, kwani maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, usimkaripie mpishi.

Wataleta sulima, pombe yao ya nafaka, tamu, si kali. Ni heshima kwa mgeni. Pokea bakuli kwa mikono miwili, inamisha kichwa, liweke chini mbele yako, na sema dini yako hairuhusu. Nililiona jambo hilo likifanywa na mwanafunzi wa Kihui tuliyekuwa naye, na bibi hakukunja uso. Alimletea maji ya moto ya kunywa kwenye bakuli lilelile baada ya kulisuuza.

Kibla ni magharibi, ukielekea kaskazini kidogo tu. Na kuna jambo ambalo watu wa Guangzhou hulisahau: China nzima hutumia saa ya Beijing, na Lugu iko mbali magharibi. Jua halifiki utosini hadi kama saa saba na robo mchana. Usije ukasali Adhuhuri saa sita na nusu kwa mazoea. Kwa hijabu yako hakuna atakayekusumbua. Kwa ngozi yako watakusumbua: watataka picha, na watoto watagusa mkono waone kama rangi inatoka. Binti yako muandae. Mimi nilijiwekea kanuni kwamba anayenipiga picha nami nampiga, na anayeomba kwanza nampa tabasamu la kweli.

Mjomba, Ziwa Ngozi liko hapa Mbeya, wala hatuhitaji viza. Mbona unatupeleka China? Msomaji, Uyole.

Umenikamata. Ngozi nimepanda mara moja, mvua ikanikuta msituni, nikafika ukingoni nikaona ukungu mtupu kama sufuria la maziwa. Nitarudi kiangazi. Ila nawe nikuulize: umewahi kukaa kwenye jiko la bibi wa Kisafwa ukamsikiliza anavyolisema ziwa lile, au ulipanda ukapiga picha ukashuka? Ukinijibu, jibu lako nitalichapa hapa.

Hujambo Mjomba? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Taveta. Wanafunzi wangu wanapenda hadithi za Ziwa Chala, ambalo nusu ni letu na nusu ni lenu. Lugu nako kuna hadithi? Na mwanafunzi mmoja, ambaye nyanya yake amekusoma, anauliza: mtu akienda kwa watu hao abebe zawadi gani? Mwalimu, Taveta.

Sijambo, Mwalimu. Lugu nayo imegawanywa kama Chala, nusu Yunnan na nusu Sichuan, na mpaka unapita majini ambako hakuna anayeuona.

Hadithi nilipewa na mpiga makasia, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono kama ya fundi uashi. Hapo kale pale penye ziwa palikuwa bonde lenye kijiji. Mvulana yatima alikuwa akichunga ng'ombe wa wenye nacho, hana chakula. Siku moja kwenye pango akakuta samaki mkubwa ajabu, amekwama, hawezi kutoka wala kuingia. Usiku samaki akamjia ndotoni: nikate nyama ule, haitaisha. Akawa anakata kila siku, anachoma, anakula, na kesho yake anakuta pameziba. Akanawiri. Wenye tamaa wakamfuatilia, wakaona, wakasema, kwa nini kipande wakati yupo mzima? Wakamfunga samaki kamba, wakafunga kamba kwenye nyumbu na farasi, wakavuta. Samaki akachomoka kama kizibo. Kilichokuwa nyuma yake ni maji.

Wakati huo mama mmoja alikuwa anawalisha nguruwe. Alipoona maji yanakuja, akawatupa watoto wake ndani ya hori la nguruwe, lile la gogo lililochimbwa. Watoto wakaelea. Wengine husema mama naye aliwahi kupanda, kwa hiyo watu wote wa ziwani wanatoka kwake. Aliyenisimulia mimi alisema mama hakuwahi. Aliposema hivyo aliacha kupiga kasia kidogo, kisha akaendelea. Ndiyo maana mitumbwi yao huitwa kwa Kichina mitumbwi ya hori la nguruwe. Siku hizi imeungwa kwa mbao na imetanuliwa ili wakae watalii, lakini jina limebaki. Kaskazini ya maji unauona mlima Gemu, ambao ni mungu wa kike. Ukikaa vizuri utaona simba aliyelala. Siku ya 25 ya mwezi wa saba wa kalenda yao watu huuzunguka kwa sala na farasi na chakula, nusu kwa desturi ya makuhani wao wa kale, madaba, ambao hukariri kila kitu kwa kichwa kwa kuwa lugha yao haikuwa na maandishi, na nusu kwa dini ya Kibudha kutoka Tibet. Waambie wanafunzi kwamba mtu mmoja aliyekariri sala zote hizo akifa bila mwanafunzi, ni kama maktaba imefungwa. Watauliza kwa nini hazikurekodiwa. Ni swali zuri, na wapo wanaozirekodi.

Sasa zawadi. Mwambie mwanafunzi huyo kwamba ameuliza swali ambalo watu wazima watatu hapo juu hawakuuliza. Majani ya chai na sukari hupokelewa vizuri, na pipi za watoto zikabidhiwe kwa mama, si barabarani. Pesa usimpe bibi mkononi; kama umelala kwao na umekula, mpe dabu, kimya kimya, kwa mikono miwili.

Mimi safari ya pili nilikuwa na deni la aibu yangu, kwa hiyo nilimwandikia dada yangu Morogoro anitumie kanga. Alinitumia doti yenye maandishi *Nani kama mama*. Nilimkuta bibi palepale kwenye moto, amezeeka kidogo zaidi. Awu alikuwepo pia, akanipa kigoda mwenyewe, nikajua kesi yangu imefutwa. Nikamkunjulia bibi nguo. Akapitisha kidole juu ya herufi akauliza zinasema nini. Nikasema kwa Kichina, mjukuu akasema kwa Kina, na bibi akasema neno fupi lililowachekesha wote. Mjukuu akanigeuzia: "Anauliza, huko kwenu kulikuwa na mtu asiyejua hilo, hata ikabidi waandike?"

Kisha akaona kwamba nguo ni mbili zilizoungana. Nikamwonesha kwa mikono: moja kiunoni, nyingine kichwani. Akatikisa kichwa. Akaomba mkasi, ule mkubwa wa kukatia manyoya ya kondoo, akalikata doti katikati, taratibu, akifuata mstari. Kipande kimoja akampa binti yake mkubwa, yule mwenye funguo. Cha pili akakikunja mara nne, akakaa juu yake.